Steki Ngumu, Kavu au Yenye Maji: Kutafuta Chanzo Kuanzia Bucha hadi Kikaangoni

Mtu anaponunua steki Mombasa, akaikaanga kwa uangalifu na bado ikamshinda kutafuna, kitu cha kwanza anacholaumu ni moto. Kwa maoni yangu lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Makosa ya jikoni yapo, nami nitayaeleza, lakini ugumu mwingi huwa umekwisha kuamuliwa kabla ya jiko kuwashwa, kwa mambo mawili: sehemu ya ng'ombe iliyokatwa, na saa zilizopita tangu mnyama achinjwe. Kwa sababu hiyo naanzia mdomoni, kwenye namna nyama inavyokataa meno, kisha narudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Nyama ni ngumu: ngumu kwa namna gani?

Ugumu una sura kadhaa, na kila sura ina chanzo chake. Kabla ya kutafuta dawa, tafuna kipande kimoja polepole na uzingatie kinachotokea.

Ikiwa kipande kinanepa, unakitafuna kinarudi vilevile, na mwishowe unabaki na kijitonge kisichomezeka, tatizo ni sehemu ya mnyama. Misuli inayofanya kazi kila siku, yaani ya miguu, shingo na bega, imeshonwa kwa kolajeni nyingi, yaani protini ngumu inayoshikanisha nyuzi za nyama. Kolajeni ikifika joto la nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi hujikunyata na kuikamua nyama maji yake. Ili iyeyuke na kuwa jelatini laini inahitaji kukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 70 kwa muda mrefu, mara nyingi saa mbili au tatu. Steki inayokaa kikaangoni dakika nane haiwezi kufika huko. Nyama hiyo si mbaya. Ni nyama ya mchuzi na ya pilau iliyopelekwa kazi isiyo yake.

Kosa hili hutokea kwa urahisi kwa sababu katika bucha nyingi za mji huu steki ni nyama yoyote isiyo na mfupa, na aghalabu hutoka pajani. Anayeagiza kilo ya steki akapewa paja hajadanganywa, amepewa alichoagiza. Dawa ni kuagiza kwa kutaja mahali. Sarara, ambayo wengi huiita fileti, hulala chini ya uti wa mgongo kwa upande wa ndani na karibu haifanyi kazi yoyote, na ndiyo laini kuliko zote. Ya juu ya mgongo, yaani saloini, na ile ya mgongoni kuelekea mbavu za mbele, yaani ribai, huzidiwa na sarara kwa ulaini lakini huishinda kwa ladha, kwa sababu zina mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama. Rampu, iliyo juu ya nyonga, ni ya bei nafuu na hufaa sana ikiwa ng'ombe alikuwa mchanga. Umri wa mnyama unaweza kuusoma kwenye mfupa: wa ng'ombe mchanga huwa na wekundu na vitundu vitundu ndani, wa mzee huwa mweupe na mkavu.

Kila ng'ombe ana sarara mbili tu, na mahoteli nayo huzitaka, kwa hiyo ni vizuri kumwambia muuzaji mapema. Uagizaji wenyewe pia una namna yake. Ukisema, "Ami, nikatie kipande kizima cha sarara, usikigawe kwa panga," utarudi nyumbani na kitu unachoweza kukikata mwenyewe kwa unene unaoutaka. Nyama iliyokwisha kugawanywa juu ya gogo huwa na vipande vya unene tofauti na vijiti vya mfupa, na hakuna mpishi anayeweza kuviivisha pamoja.

Kuna hali moja inayostahili tahadhari zaidi: umeomba sarara, umelipa bei ya sarara, na bado nyama imekuwa ngumu yenye nyuzi nene. Huenda uliuziwa msuli wa mviringo wa paja la nyuma, ambao kwa jicho la haraka hufanana nayo. Tofauti zao ni za wazi ukizijua. Sarara ni nene upande mmoja na huchongoka hadi kuwa na mkia mwembamba, na nyuzi zake ni laini mno. Ule msuli wa paja una unene ulio karibu sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyuzi zake ni nene, zimenyooka na kuonekana waziwazi. Omba kukiona kipande kizima kabla hakijakatwa. Ukikatiwa vipande vya mduara tayari, huna tena njia rahisi ya kujua.

Sura ya pili ya ugumu ni ya kukaza. Hakuna mishipa, hakuna kinachonepa, lakini nyama nzima imejifunga na meno hayazami, hata kama ni sarara halisi. Hapa chanzo ni saa. Mnyama akichinjwa, misuli hutumia nguvu iliyobaki ndani yake, kisha hukakamaa; kwa ng'ombe hali hiyo kwa kawaida hukamilika ndani ya saa 24. Baada ya hapo vimeng'enya vya nyama yenyewe huanza kukata nyuzi za misuli kidogo kidogo, na nyama inayotunzwa kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 4 huendelea kulainika kwa wiki moja hadi mbili. Sisi huku tunaithamini nyama ya leo, iliyochinjwa usiku na kuning'inizwa buchani asubuhi, na kwa mchuzi thamani hiyo ina sababu. Kwa steki, nyama ya leo imenunuliwa katika saa zake mbaya kabisa.

Kinachozidisha tatizo ni haraka ya kuigandisha. Msuli ambao haujamaliza kukakamaa ukishushwa chini ya nyuzi 10 hivi hufupika kwa nguvu na kubaki mfupi. Na ukigandishwa kabisa katika hali hiyo, siku utakapoyeyuka utajikunyata zaidi na kumwaga maji mengi. Jambo hili huonekana wazi wakati wa Idi ya Mfungo Tatu. Nyama hufika nyumbani ingali na joto la mnyama, hukatwa vipande vidogo, hutiwa mifukoni na kwenda moja kwa moja kwenye friza, kisha mwezi mzima watu wanashangaa kwa nini ng'ombe mzuri aliyechaguliwa kwa macho amekuwa mgumu namna hiyo. Ng'ombe hakuwa na kosa. Sehemu unazozikusudia kwa steki ziache zikiwa vipande vikubwa, na ikiwezekana zibaki kwenye mfupa wake, kwa sababu kipande kikubwa hupoa polepole na mfupa huuzuia msuli usifupike. Ziweke chini kabisa ya friji siku mbili au tatu, ndipo uzikate na kuzigandisha. Vipande vya mchuzi waweza kuvigandisha siku ile ile bila hasara kubwa, maana kuchemka kwa muda mrefu kutavilainisha.

Kwa nyama ya bucha njia ni hiyo hiyo: nunua mapema asubuhi kwa muuzaji mwenye friji ya kuaminika, muulize imechinjwa lini, ifute kwa karatasi kavu, iweke juu ya wavu ndani ya sahani, ifunike kidogo, na uipe siku mbili hadi nne kwenye rafu ya chini. Shauri hili lina mpaka wake. Nyama iliyoning'inia dukani kutwa nzima katika joto na unyevu wa Mombasa haifai kungojewa. Ipike siku hiyo hiyo, wala si kwa namna ya steki.

Sura ya tatu ni ukavu: nyama si ngumu sana, lakini inameguka mdomoni kama ubao mkavu na haina maji. Huo ni moto, na hapo mpishi anastahili lawama. Protini za msuli huanza kukaza tangu nyuzi 50, na zikipita 66 au 70 hukamua sehemu kubwa ya maji yaliyosalia. Mizani ni ya nyuzi chache tu: steki inayotolewa ikiwa na nyuzi 55 ndani huwa nyekundu na yenye maji mengi, yenye nyuzi 63 huwa ya waridi iliyofifia, na yenye 71 au zaidi huwa imeiva kabisa. Kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano, huondoa ubishi wote huu. Kwa usalama wa nyama nzima isiyosagwa, kiwango kinachopendekezwa na wengi ni nyuzi 63 na kuiacha ipumzike angalau dakika 3. Nyama ya kusaga inahitaji 71, kwa sababu vijidudu vya juu vimekwisha kuchanganywa ndani.

Wengi wetu Pwani tumelelewa kutokula nyama yenye wekundu ndani, na sioni sababu ya kumlazimisha mtu. Ninachopinga ni kauli kwamba steki iliyoiva kabisa lazima iwe kavu. Anayeitaka hivyo achague ribai, ambayo mafuta yake hubaki kuilainisha baada ya maji kupungua, au sarara iliyokatwa nyembamba kidogo, sentimita 2 badala ya 3, ili ndani iive kabla nje haijakauka. Aitoe kikaangoni ikiwa na nyuzi 67 au 68, maana joto huendelea kupanda kidogo nje ya moto, kisha aimwagie samli moto. Saloini isiyo na mafuta haitamvumilia. Ajue pia kwamba majimaji mekundu yanayotoka kwenye steki si damu ya mnyama, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka wakati wa kuchinja. Rangi hiyo ni ya mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli.

Sura ya nne husahaulika. Nyama ina ladha, ina maji, lakini mdomoni inakuwa kamba ndefu. Imekatwa kwa kufuata nyuzi. Geuza sahani, tazama nyuzi zinalala kuelekea wapi, na ukate kwa kuzikingama. Kwa rampu tofauti ni kubwa kiasi kwamba kipande kile kile huonekana kuwa nyama mbili.

Nyama inatoa maji na kugeuka kijivu

Umesubiri mlio wa kukaanga, badala yake umesikia mchemko, na nyama imekaa ndani ya dimbwi. Rangi ya kahawia na harufu ile inayoita watu mezani huja pale uso wa nyama unapopita nyuzi 140 hivi, na uso wenye maji hauwezi kupita 100 mpaka maji yote yatoke. Kwa hiyo ukiona maji, uliza yametoka wapi.

Mara nyingi yametoka kwenye friza. Friza ya nyumbani hugandisha polepole, vipande vikubwa vya barafu hupasua nyuzi, na nyama ikiyeyuka huyaachia yale maji. Gandisha vipande vilivyotandazwa, kimoja kimoja, badala ya rundo zima, na viyeyushe ndani ya friji usiku kucha; kuviacha kwenye sinki katika joto letu ni kuwaalika vijidudu kwenye uso wa nyama huku katikati kungali barafu. Ukiwa na haraka, mfuko uliofungwa vizuri ndani ya maji baridi utatosha.

Chanzo kingine ni chumvi iliyotiwa wakati usiofaa. Chumvi huvuta maji juu ndani ya dakika chache, kisha baada ya muda, karibu saa nzima, maji hayo hurudi ndani pamoja na chumvi yenyewe. Anayetia chumvi dakika 10 kabla ya kukaanga amechagua wakati ambao uso umelowa kuliko wakati wowote. Tia chumvi pale pale unapoiweka motoni, au tangu usiku, gramu 10 kwa kilo, na nyama ikae wazi ndani ya friji. Njia ya pili ni bora mno, kwa sababu uso hukauka na ladha hufika ndani. Kwa vyovyote vile, ipanguse kavu kabla ya kuikaanga.

Mwisho angalia chombo. Sufuria nyembamba hupoteza joto lake mara tu nyama inapoigusa. Tawa zito la chapati au kikaango cha chuma hushika joto, lakini nacho kitashindwa ukikijaza; vipande viwili kwa mara moja, vyenye nafasi kati yake, vinatosha jiko la kawaida la gesi.

Wapishi wengi hushauri kuitoa nyama friji saa moja au mbili kabla ya kupika. Sikubaliani na shauri hilo kwa mji huu. Katika saa moja katikati ya kipande kinene hapapati joto la maana, ilhali uso umekaa kwenye nyuzi 30. Dakika 15 hadi 20 za kuikausha zinatosha kabisa.

Nje imeungua, ndani haijaiva

Ikiwa ulitumia viungo, shuku viungo kwanza. Thomu iliyopondwa, nyanya, ukwaju na sukari huungua mapema kuliko nyama, na weusi unaouona unaweza kuwa wa rojo tu. Futa rojo lote kabla ya kuchoma, kisha lipike pembeni mpaka lichemke vizuri na kulirudisha juu ya nyama mwishoni. Siagi nayo huungua upesi. Anza na samli au mafuta ya kawaida.

Ikiwa hukutia viungo, basi kipande ni kinene kuliko moto wako. Kwenye seredani sogeza makaa yote upande mmoja. Ichome nyama juu ya makaa mpaka ipate rangi, kisha ihamishie upande usio na makaa na uifunike kwa sufuria iliyopinduliwa imalizie humo. Mafuta yanayodondoka na kuwasha ndimi za moto huacha masizi machungu, kwa hiyo yapunguze pembeni mwa nyama, bila kuyaondoa yote.

Nyama imelainika kupita kiasi

Papai bichi limewasaidia wachoma mishkaki wa Pwani kwa vizazi vingi, na utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachokata protini bila kuchagua. Kwa paja au bega lililokatwa vipande vidogo, kijiko kimoja cha papai lililoparuzwa kwa kilo, kwa saa moja hadi mbili, ni msaada wa kweli. Kwenye sarara ni uharibifu. Nyama iliyo laini tayari itageuka uji juu na kubaki ilivyo ndani, na kwa kuwa papaini huongeza kasi inapopashwa moto, uharibifu unaendelea hata ikiwa kikaangoni. Tangawizi mbichi na nanasi hufanya kazi hiyo hiyo. Ndimu na siki hutenda kwa njia nyingine: asidi hukaza protini za juu, na nyama iliyolala kwenye ndimu usiku kucha huwa nyeupe na yenye unga unga. Kamulia ndimu mezani.

Kipande kinajikunja, au hakina ladha

Kinachojikunja kimebanwa na ukingo wa mafuta au na utando mweupe unaong'aa. Ukingo wa mafuta uchanje mahali kadhaa kwa ncha ya kisu. Utando wa sarara uondoe wote, kwa sababu hauyeyuki kwa moto wowote. Kisichokuwa na ladha huenda ni sarara yenyewe, ambayo haina mafuta mengi; pilipili manga, samli na kachumbari yenye chumvi ya kutosha ndivyo vinavyoiinua.

Rangi na harufu zinazotia shaka

Nyama iliyokatwa sasa hivi ni ya zambarau; ikipata hewa huwa nyekundu, na baada ya siku huelekea kahawia. Ukahawia peke yake hauthibitishi kuoza. Utelezi, kunata kwa vidole na harufu ya uchachu ndivyo vinavyothibitisha, na nyama hiyo haiokolewi kwa ndimu wala kwa moto mkali. Iliyofungwa kwenye mfuko usio na hewa huwa na harufu nzito unapoufungua. Iache dakika 15 kwenye friji, na harufu isipoondoka, itupe. Mafuta ya manjano yasikutishe, kwani ng'ombe aliyelishwa majani huyapata kutokana na karotini.

Nyama nyeusi nyeusi, yenye kunata ikiwa mbichi, ni jambo jingine. Ng'ombe wengi wanaofika Mombasa wametoka mbali, nyanda kavu za Tana River na Garissa au ranchi za Taita-Taveta, na mnyama aliyechoka au kushtuka kabla ya kuchinjwa huwa amemaliza nguvu ya misuli yake. Asidi inayopaswa kujengeka baada ya kuchinja haijengeki ya kutosha, kwa hiyo nyama hubaki na rangi nzito, huharibika upesi, na ndani huonekana nyekundu hata ikiwa imeiva. Usiichague kwa steki, na kamwe usiiweke friji siku kadhaa ukitarajia ilainike.

Wekundu wa kupindukia nao una maswali yake. Mwaka 2019 taarifa ya uchunguzi ya televisheni nchini Kenya ilizua mjadala mkubwa kuhusu nyama iliyotiwa salfaiti ili ionekane mpya. Kemikali hiyo huhifadhi rangi bila kuizuia nyama kuzeeka, na inaweza kumletea shida ya kupumua mtu mwenye pumu. Taa za rangi ya waridi dukani nazo hudanganya macho. Omba kipande kitolewe nje kwenye mwanga wa jua, na utafute muhuri wa mkaguzi juu ya mzoga. Ukikipeleka nyumbani nacho kikabaki chekundu vilevile kwa siku nne au tano kwenye friji, usikile, na badilisha bucha.

Stima ikikatika nyama ikiwa friji, usifungue mlango. Baridi iliyomo huitunza kwa takriban saa 4. Zikizidi hapo na nyama ikawa imepoteza ubaridi wake kwa saa mbili au zaidi, hata ile sarara uliyoitunza siku tatu haifai tena kuliwa.